ANAYENUNUA KIWANJA HUNUNUA NINI?

Msimu wa kahawa unapomalizika katika Wilaya ya Mbozi, na magunia ya mahindi yakiisha kupakiwa katika malori, mtu aliyejaliwa kuweka akiba huwaza jambo moja: kupata kiwanja. Pale Mlowo, kando ya barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Tunduma, mahali palipokuwa shamba jana leo pamepigwa vigingi. Mwenye duka, dereva, mwalimu na kibarua, wote wataka mahali pa kujenga. Hilo ni jambo la heri, wala hatuna neno nalo.

Neno letu ni juu ya namna biashara hii inavyofanywa. Muuzaji na mnunuzi hukutana shambani, hupima kwa hatua za miguu, huhesabiana fedha mbele ya mashahidi wawili, na karatasi iliyoandikwa kwa mkono hupelekwa kugongwa muhuri wa mwenyekiti. Kisha watu hupeana mikono wakaenda zao. Baada ya miaka michache, msingi ukiwa umekwisha kujengwa, hutokea mtu mwingine mwenye karatasi kama ile, na muhuri kama ule, akidai kiwanja ni chake. Hapo jasho la miaka kumi huwa limekwenda na maji.

Yafaa basi tujiulize: anayenunua kiwanja hununua nini hasa?

Katika Tanzania hakuna mtu auzaye ardhi yenyewe. Ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Msingi huu haukuja kwa bahati. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipopendekeza kuwa ardhi igawiwe watu waimiliki moja kwa moja na milele, Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu kiitwacho Mali ya Taifa kupinga shauri hilo. Hoja yake ilikuwa wazi: katika nchi ya maskini wengi na matajiri wachache, ardhi ikifanywa bidhaa, wachache wataimaliza, na walio wengi watabaki wapangaji katika nchi yao wenyewe. Mwaka 1963 sheria ilifuta umiliki wa milele na kuugeuza kuwa upangaji wa serikali wa miaka 99. Mwaka 1969 ikatungwa sheria nyingine ya kuugeuza upangaji huo kuwa haki ya kumiliki ardhi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, ambazo zilianza kutumika mwaka 2001, zimeshika njia hiyo hiyo. Wala si sisi peke yetu. Jirani zetu wa Zambia waliweka kikomo cha miaka 100 mwaka 1975, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haimruhusu mgeni kushika ardhi kwa zaidi ya miaka 99.

Kwa hiyo kinachouzwa ni haki ya kuitumia ardhi, kwa muda uliotajwa na kwa masharti yaliyoandikwa. Hati ya mjini huwa ya miaka 33, au 66, au 99. Mtu akiuziwa leo kiwanja chenye hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 1995, asidhani amepewa miaka 33 mipya. Amenunua masalio tu, nayo yatakwisha mwaka 2028. Vile vile anarithi masharti yote: ikiwa hati yasema ni mahali pa makazi, hawezi kujenga ghala kwa kupenda kwake, na ikiwa muuzaji hakulipa kodi ya pango la ardhi, deni hilo laweza kumwangukia mnunuzi. Anayevunja masharti hujitia katika hatari ya kufutiwa haki yake.

Lakini wengi wetu katika Mbozi hatuna hati za mjini. Tunashika ardhi kwa mila, tangu kwa babu zetu. Watu hao wasitishwe na mtu yeyote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji yasema wazi kwamba haki ya kimila ina hadhi sawa na haki iliyotolewa kwa hati ya serikali. Mahakama ya Rufani nayo iliamua mwaka 1994 kwamba haki ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Hata hivyo haki hiyo ina utaratibu wake. Ardhi ya kijiji haihamishwi kwa mtu wa nje bila idhini ya halmashauri ya kijiji, na halmashauri haiwezi kugawa ardhi bila kuidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa mauzo ya ardhi ya kijiji yaliyofanywa bila idhini ya halmashauri ni batili. Mnunuzi yule alikuwa amelipa, lakini kulipa hakukumsaidia.

Hapa ndipo penye tatizo la miji inayokua kama Mlowo. Mji unapotambaa na kuingia mashambani, mwananchi hajui tena kama asimamapo ni ardhi ya kijiji au ni eneo lililopimwa la mji. Muuzaji naye hana haja ya kumwambia. Kwa sababu hiyo twamsihi kila mwenye nia ya kununua aulize maswali manne kabla ya kutoa hata senti moja.

La kwanza: ardhi hii ni ya aina gani, na iko chini ya mamlaka ya nani? Jibu litafutwe katika ofisi ya ardhi ya wilaya, si kwa dalali. Kama ina hati, ufanywe upekuzi kwa Msajili wa Hati, ijulikane jina lililoandikwa, miaka iliyobaki, na kama imewekwa rehani benki.

La pili: anayeuza ana mamlaka ya kuuza? Ikiwa ni mali ya marehemu, muuzaji halali ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto mkubwa kwa sababu tu ni mkubwa.

La tatu: mwenzi wake amekubali? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenziwe. Na Sheria ya Ardhi yampa mwanamke haki ya kupata na kushika ardhi sawasawa na mwanamume. Ni aibu kubwa mama kuamka asubuhi akaambiwa na mgeni kwamba alikolala si kwake.

La nne: maandishi yako wapi? Mkataba wa mauzo sharti uandikwe. Na kwa ardhi yenye hati, mkataba peke yake hautoshi. Kamishna wa Ardhi apewe taarifa, kodi na ushuru zilipwe, na uhamisho usajiliwe. Kabla ya kusajiliwa, mnunuzi hawezi kusema kwa kujiamini kuwa yeye ndiye mwenyewe.

Sasa twageuka kwa viongozi wenzetu wa mashina, matawi, vijiji na mitaa. Muhuri wa mwenyekiti hushuhudia tu kuwa watu walikutana wakapatana. Haumpi mtu umilikaji. Kiongozi anayemwambia mkulima kwamba muhuri wake watosha, kisha akadai asilimia kumi ya bei iingie mfukoni mwake, anauza kitu asichokuwa nacho. Kiongozi wa namna hiyo anawarudisha wananchi kule kule ambako waasisi wa Chama walikataa kwenda mwaka 1958, ambako mwenye fedha hupata na mnyonge hupoteza.

Ugomvi ukitokea, njia zipo: baraza la ardhi la kijiji na baraza la kata kwa usuluhishi, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na juu yake Mahakama Kuu. Lakini asikae mtu kimya akidhani haki haichakai, kwa maana sheria humpa mdai miaka 12 tu ya kudai ardhi yake.

Twajua watu watasema kuwa utaratibu huu ni mrefu, na kwamba ofisi ziko mbali na kazi haingoji. Ni kweli, na wenye ofisi hizo wanapaswa kuwafupishia wananchi safari. Hata hivyo siku tatu za kwenda Vwawa na kurudi ni fupi kuliko miaka mitano ya kesi. Haba na haba hujaza kibaba, na mfanyakazi amekijaza kibaba chake kwa taabu. Asikimwage kwa karatasi ambayo hakuiuliza imetoka wapi.