Nani Mwenye Sauti?

Bi Kidude alifariki dunia mwezi Aprili, 2013. Leo mtu aliye ng'ambo, ambaye hajapata kuikanyaga Unguja, aweza kuilisha kompyuta rekodi zake, nayo ikamwimbisha wimbo ambao marehemu hakupata kuusikia. Je, huyo ameiba nini?

Hapo ndipo sheria inapokwama. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2003 ilitungwa wakati adui wa msanii alikuwa mrudufu wa kanda. Hakimiliki hulinda kazi iliyokwisha kutungwa au kurekodiwa. Sauti yenyewe ya binadamu si kazi. Mashine ikiiga mkwaruzo wake pasipo kunakili wimbo wowote, mnyonyaji hupata mlango wa kutokea. Na wanyonyaji, tunawajua, hawakosi wakili.

Hakimiliki si jambo la Muungano, hivyo hatuna wa kumngojea. Yalipasa Baraza la Wawakilishi lipitishe kifungu cha kudai idhini ya mwimbaji, au ya warithi wake, kabla ya sauti kuigwa. Lililo gumu ni muda. Siti binti Saad alifariki mwaka 1950. Nani leo atatia saini kwa niaba yake?