UPEPO NDANI YA GARI SI ANASA



Kila tupelekapo shauri la feni ya hita mbele ya matajiri, jibu ni lile lile: "Dereva wa siku hizi anapenda raha." Jibu hili tunalikataa. Dereva anayepanda Timboroa alfajiri mvua ikinyesha, kioo cha mbele kimejaa ukungu, hatafuti raha. Anatafuta barabara. Mkono mmoja umeshika usukani, wa pili unapangusa kioo kwa kitambaa. Na mwenzake anayepita Mtito Andei saa nane mchana, kichwa cha lori kimechemka kama tanuri, macho yanamlemea. Wote wawili shida yao ni moja: hewa haiji.

Tuseme kweli pia juu ya gereji. Hewa ikipungua, wako wanaokimbilia kujaza gesi. Gesi husaidia kupoza hewa, haiisukumi. Inayosukuma ni feni. Kujaza gesi bila kupima ni kutupa pesa, na lawama humrudia dereva.

Makanika wetu wanajua kutafuta kasoro, wakipewa muda. Feni ikiwa kimya kabisa, anza na fyuzi, kisha rilei, plagi na nyaya, ndipo uihukumu mota. Fyuzi iliyokatika ibadilishwe kwa nyingine ya kipimo kile kile. Kuweka waya mahali pake ni kukaribisha moto. Feni ikizunguka kwenye namba ya juu tu, na namba za chini zimekufa, mara nyingi rezista imeungua. Feni ikinguruma lakini upepo ni haba, tazama filta, ambayo katika magari mengi hukaa nyuma ya kisanduku cha dashibodi. Tazama pia majani yaliyoziba njia ya hewa chini ya kioo cha mbele. Upepo ukianza kwa nguvu kisha ukafifia safarini, zima kipoza hewa uache feni peke yake. Upepo ukirudi baada ya muda, jua kwamba barafu iliganda ndani. Ukifika miguuni lakini kiooni haufiki, kilango cha kugawa hewa kimekwama, au kebo yake imekatika, au mota yake ndogo imekufa.

Sasa tazameni jinsi kasoro moja inavyozaa nyingine. Rezista huwekwa ndani ya njia ya hewa ili upepo wa feni uipoze. Filta ikijaa vumbi, upepo hupungua, na rezista hushika joto hata ikaungua. Filta ni kitu cha bei ndogo. Tajiri analinyima gari filta, kisha rezista ikiungua anataka kukata mshahara wa dereva!

Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inaruhusu mfanyakazi akatwe mshahara kwa mali iliyoharibika kwa kosa lake la makusudi. Vumbi si makusudi ya dereva. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake kila aonapo hatari kubwa. Wala mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha penye hatari hiyo kabla haijaondolewa.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Filta itazamwe kila gari linapofanyiwa huduma. Malalamiko ya dereva yaandikwe katika kitabu, naye abaki na nakala. Makanika apewe saa za kupima, asiharakishwe kama mpakia mizigo.

Dereva, usilalamike kwa mdomo tu: andika, utie tarehe. Makanika, usitie sahihi juu ya gari ambalo hukulipima. Nanyi wawakilishi wa gereji, mkiona gari lenye kioo kipofu linaamriwa kutoka, simameni na dereva wake siku hiyo hiyo, msingoje mkutano wa mwezi.

Umoja ni nguvu.