Mtoto akiikataa kofia, watu wazima wajiulize

Si ajabu kumsikia mzazi akilalamika kwamba mwanawe hataki kuvaa kofia ngumu ya baiskeli. Baiskeli ndogo imenunuliwa, na kofia imenunuliwa pamoja nayo. Wiki moja haijapita, baiskeli iko barabarani na kofia iko uvunguni mwa kitanda. Mzazi akiulizwa sababu, hujibu kwa mkato kwamba mtoto ni mkaidi. Jibu hilo ni jepesi mno, na yafaa lichunguzwe kabla ya kukubaliwa.

Juu ya umuhimu wa kofia yenyewe hapana haja ya kubishana sana. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote, hali kichwa cha mtu mzima ni takriban sehemu moja ya nane. Mtoto wa miaka minne au mitano yuko katikati ya safari hiyo: kichwa chake bado ni kizito kwa kulinganisha na mwili, na shingo yake haijakomaa. Aangukapo, mara nyingi kichwa ndicho kinachopata taabu. Mwaka 2016 watafiti wa Australia walichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi uliohusu wapanda baiskeli zaidi ya 64,000 waliojeruhiwa. Walionyesha kwamba kuvaa kofia kulipunguza uwezekano wa jeraha la kichwa kwa asilimia 51, na ule wa jeraha baya la kichwa kwa asilimia 69. Mzazi anayenunua kofia, basi, hakukosea. Kosa huja baadaye, pale anapodhani kwamba kwa kulipa fedha dukani kazi imekwisha.

Wanaowaita watoto wakaidi wangefaa kukumbuka yaliyotokea miongoni mwa mabingwa wa mchezo huu. Mwaka 1991 Chama cha Kimataifa cha Mchezo wa Baiskeli, UCI, kilijaribu kuwalazimisha wapanda baiskeli wa kulipwa kuvaa kofia ngumu. Mabingwa hao waligoma katika mashindano ya Paris–Nice nchini Ufaransa. Kofia, walisema, zinaleta joto na ni kero. Amri ikaachwa. Machi 2003, katika mashindano hayo hayo, Andrey Kivilev wa Kazakhstan, ambaye hakuvaa kofia, alianguka, akaumia kichwa na kufariki dunia. Mwaka huo huo kofia zikawa za lazima. Ikiwa watu wazima wenye kuishi kwa mchezo huo walishindwa kuvumilia kero ya kofia, kwa haki gani mtoto wa miaka mitano aitwe mkaidi anapoivua inayomuumiza?

Ukweli ni kwamba mtoto anayeikataa kofia huwa na hoja, ingawa hana maneno ya kuieleza. Hoja ya kwanza ni kipimo. Katika nyumba nyingi mtoto hununuliwa sare ya shule iliyo kubwa ili imfae na mwaka kesho, na viatu hujazwa pamba vidoleni vikisubiri mguu ukue. Kwa sare, huo ni ubanifu wa busara. Kwa kofia ngumu ni hatari. Kofia kubwa huteleza ikafunika macho, au hurudi kisogoni ikaacha paji la uso wazi, mahali panapoweza kugonga chini kwanza. Wapo pia wanaokata sponji ya godoro na kuijaza ndani ili kofia ikae. Sponji laini hubonyea mara moja na haizuii chochote. Kinachofanya kazi ni lile povu gumu jepesi lililo chini ya ganda, linalofanana na povu jeupe la kwenye maboksi ya televisheni. Povu hilo hupondeka taratibu, na kwa kupondeka hupunguza ukali wa pigo.

Dawa ya tatizo hili ni futi ya fundi cherehani. Kichwa hupimwa kwa kuzungushia futi juu kidogo ya nyusi na kupitia sehemu ya kisogo iliyotokeza zaidi. Kofia za watoto wadogo huandikwa vipimo vyake kwa sentimita, kwa mfano 46 hadi 50, au 48 hadi 52, na nyingi zina gurudumu dogo kwa nyuma la kukazia na kulegezea. Kofia iliyofaa hukaa sawa bila kuinama mbele wala nyuma, na ukingo wake huwa vidole viwili juu ya nyusi. Mtoto akitikisa kichwa kabla ya kufungwa mikanda, kofia nayo itikisike pamoja na ngozi ya kichwa, isicheze peke yake.

Hoja ya pili ni mikanda. Mikanda ya kila upande inapaswa kukutana chini kidogo ya sikio, sikio likibaki huru katikati. Ukanda wa kidevuni uache nafasi ya kidole kimoja au viwili: ukizidi kukazwa unakaba, ukilegea kofia inaruka mtoto aangukapo. Liko jambo jingine ambalo watu wazima hulidharau. Kifungo kikifungwa kwa haraka huifinya ngozi laini ya kidevu. Kufinywa mara moja kwatosha kumfanya mtoto aikimbie kofia kwa majuma kadhaa. Anayefunga aweke kidole chake baina ya kifungo na ngozi. Kazi hiyo haimalizi hata sekunde tano, lakini huokoa ugomvi wa mwezi mzima.

Hoja ya tatu ni joto na nywele. Katika jua la Dar es Salaam au Tanga, kofia isiyo na matundu ya hewa ni sufuria juu ya kichwa. Mtoto aliyesukwa mafundo au kutiwa shanga utosini hawezi kuvaa kofia bila maumivu, maana kila fundo linakandamizwa. Msuko uliolala, au nywele zilizofungwa chini ya ukingo wa kofia, huondoa taabu hiyo. Mtoto wa kike anayevaa ushungi avae wa kitambaa chembamba kisicho na pini wala mkunjo mnene. Vitambaa vya ndani vyenye jasho vifuliwe. Pia si vema watoto wengi wakachangia kofia moja, kwa kuwa mapunye huambukizwa kwa vitu kama hivyo.

Baada ya hoja hizo kujibiwa ndipo mazoea yanapoanza. Mtoto avae kofia nyumbani dakika chache wakati wa kucheza, kabla hata ya kugusa baiskeli. Yafaa achague rangi mwenyewe, maana anachokichagua hukiona kuwa ni chake. Mzazi anayepanda baiskeli naye avae kofia yake, kwani mtoto hufuata anachokiona kuliko anachoambiwa. Kisha iwepo kanuni moja isiyo na makelele: pasipo kofia, hapana baiskeli. Kanuni hiyo ianze siku ya kwanza, mtoto angali kwenye magurudumu matatu. Samaki mkunje angali mbichi.

Wako watakaosema kwamba wao walikua wakiendesha baiskeli bila kofia na hawakudhurika. Hoja hii haina msingi. Wanaoisema ni wale walionusurika. Waliodhurika hawapo barazani kutoa ushahidi. Tena barabara za leo zina magari na pikipiki nyingi kuliko zile za utoto wao. Wako pia watakaotaja gharama, na hao wana haki ya kusikilizwa. Lakini mwenye fedha kidogo ndiye hasa asiyeweza kumudu kununua kofia ambayo haitavaliwa. Akinunua ya mtumba, aichunguze. Kofia iliyokwisha kupata pigo kubwa au yenye ufa imemaliza kazi yake, hata kama rangi yake bado inang'aa.

Kumzoeza mtoto kofia si kumwacha nayo kutwa. Anaposhuka kwenye baiskeli na kukimbilia mwembe au bembea, kofia ivuliwe. Nchi za nje wamekwisha kufa watoto walionaswa kwa ukanda wa kidevuni kwenye vifaa vya michezo. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipandishwe baiskeli kabisa, kwa kuwa shingo yake haiwezi kustahimili kichwa pamoja na kofia. Vilevile kofia ya baiskeli isitumiwe kwenye pikipiki, kwa kuwa haikutengenezwa kwa mwendo huo. Wala mtoto asivikwe kofia ya pikipiki ya mtu mzima, ambayo yaweza kufika kilo moja na nusu.

Walimu wana nafasi yao katika jambo hili. Mwalimu anayemwona mwanafunzi akifika na kofia iliyoning'inia kwenye usukani asiridhike kumkaripia. Amwite, aitazame kofia, aulize inambana wapi, kisha amweleze mzazi. Mtumishi wa serikali aliyezoea kupima mambo kwa taarifa na takwimu naye aanze nyumbani kwake kwa kipimo cha futi.

Ngozi iliyochubuka gotini hupona kwa juma moja. Ubongo ulioumia huenda usipone kamwe, na madarasa yote yaliyokuwa mbele ya mtoto huyo yakapotea naye. Kwa hiyo raha ya mtoto ndani ya kofia isihesabiwe kuwa ni anasa wala kudekezwa. Ni sehemu ya kinga yenyewe, kwa sababu kofia inayoumiza huvuliwa, na iliyovuliwa haimlindi mtu. Mtoto akisema "inauma", mtu mzima ainame, afungue mikanda, atazame.