Elfu kumi kwa kila kichwa

Ipo hesabu inayopendwa sana mijini. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania ametengewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka, awe wa Oysterbay kwa matajiri au wa Kakonko kijijini. Kwa hiyo serikali haina upendeleo, na anayefeli ajilaumu mwenyewe.

Haya, tuipige mpaka mwisho. Katika hizo 10,000, 4,000 hubaki juu, serikalini, kwa ajili ya vitabu. Za kwenda shuleni ni 6,000. Shule ya kijijini yenye watoto 200 inaambulia 1,200,000 kwa mwaka, yaani laki moja kwa mwezi. Humo humo zitoke chaki, karatasi za mitihani, mpira, matengenezo ya paa na nauli ya mwalimu mkuu kwenda halmashauri. Tena kiwango chenyewe ni cha enzi za Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), ulioanza mwaka 2002, wakati elfu kumi ilikaribia dola kumi. Leo haifiki dola tano.

Shule ya mjini inapata kiasi hicho hicho kwa kichwa, lakini ina wazazi wenye mifuko. Kamati ikiitisha kikao, hela ya mlinzi, ya rimu na ya uji inapatikana kabla ya Ijumaa. Kijijini kikao kama hicho huambulia magunia mawili ya mahindi, tena mwaka wa mavuno. Na hata ada zilipofutwa, sare, madaftari na chakula cha mchana vilibaki kwa mzazi.

Tukiomba mtoto maskini aongezewe, tunaambiwa kumtambua maskini ni kazi ngumu. Mbona TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, inamtambua? Majina hupitishwa kwenye mkutano wa kijiji (majungu yapo, kama kwenye kila orodha), kisha kaya hupewa fedha kwa sharti kwamba watoto wahudhurie shule. Basi mtoto anajulikana, na mahudhurio yake yanajulikana. Shule inayompokea ndiyo haiongezewi kitu. Uingereza, nchi tajiri kuliko sisi, tangu 2011 huziongezea shule fedha kwa kila mtoto anayestahili chakula cha bure.

Wa mjini wasipunguziwe hata senti. Mtoto wa kaya ya TASAF ahesabiwe mara mbili, na shule ndogo iwekewe kiwango cha chini kisichoshuka, hata ikibaki na watoto themanini. Hazina itasema bajeti haitoshi. Sawa, iseme hivyo. Isituambie kwamba mgao wa sasa ni haki.