ALJEBRA NAYO NI ELIMU YETU



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo, ndugu wanafunzi na wazazi wetu, wapo wanaodai kuwa aljebra ni elimu ya wengine, na kwamba milinganyo ya mistari haimhusu mtoto wa madrasa. Sisi hatukubaliani na rai hiyo.

Kwanza, jina lenyewe ni la Kiarabu. Limetokana na neno al-jabr, lililomo katika jina la kitabu alichokiandika Muhammad bin Musa al-Khwarizmi mjini Baghdad, yapata mwaka 820. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu kugawa mirathi na wasia. Yeye hakutumia x wala y. Alieleza kwa maneno matupu. Kueleza mistari kwa milinganyo kulikuja baadaye, na Mfaransa René Descartes alichapisha kitabu chake cha jiometri mwaka 1637. Elimu hupokezanwa.

Pili, itazameni zaka ya fedha. Mali ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka, hutolewa fungu moja katika mafungu 40. Mali tukiiita x na zaka y, basi y = x/40. Mwenye shilingi 80,000,000 hutoa 2,000,000. Mwenye 120,000,000 hutoa 3,000,000. Ziunganishe nukta hizo mbili kwenye karatasi ya grafu, utapata mstari mnyoofu. Mteremko wake ni tofauti ya zaka, 1,000,000, kugawanya kwa tofauti ya mali, 40,000,000; yaani 1/40.

Lakini angalieni: mstari huo hauanzii sifuri. Unaanzia kwenye nisabu, ambayo kwa dhahabu wanazuoni wengi wa zama hizi huikadiria kuwa gramu 85. Aliyekariri kanuni bila kuifahamu atamdai zaka hata asiyewajibika. Aliyefahamu atauliza kwanza mstari unaanzia wapi. Hapo ndipo hesabu inapolinda haki za watu.

Wapo watakaosema muda wa madrasa ni mdogo. Ni kweli, nasi hatusemi saa za Qur'ani zipunguzwe. Tunasema darasa la fiqhi la zaka na mirathi lifundishwe pamoja na kalamu, rula na karatasi ya grafu, kwa wavulana na wasichana sawa. Na wazazi wasiwaambie watoto kuwa hesabu za shule hazina faida mbele ya dini.

Zoezi kwenu wanafunzi: mchapaji anatoza shilingi 250,000 kwa nakala 100 za jarida, na 450,000 kwa nakala 300. Ikiwa bei hupanda kwa mstari mnyoofu, andikeni mlinganyo wake, kisha mseme nakala 500 zitagharimu kiasi gani. Atakayepata 650,000 amefahamu.

Wabillahi tawfiq.