Bwali irudi msituni, lakini mtoto asipoteze shule wala damu

Katika teritwari za Mwenga na Shabunda, jimbo la Kivu Kusini, pia na kule Pangi katika Maniema, kuna ugomvi mmoja unaorudi kila mara wazee wa Kilega wanapotangaza bwali, yaani jando la watoto wanaume. Sauti ya Kimbilikiti inasikika kutoka msituni, wanawake wanafunga milango na kubaki ndani, kalasi zinabaki na wasichana peke yao au zinafungwa kabisa. Wachungaji na mapadri wanapinga. Wazee wanajibu kwamba mila hii ilikuwako mbele ya kanisa na mbele ya serikali. Mashirika ya raia yanaandika barua. Kisha siku zinapita, watu wanatulia, hadi bwali nyingine.

Katika makelele hayo yote, mtu mmoja anasahauliwa: mtoto mwenyewe. Upande mmoja unataka bwali iachwe kabisa, upande mwingine unataka isiguswe hata kidogo. Pande zote mbili zinakosea, na wanaolipa kosa hilo ni watoto wa miaka minane, kumi, kumi na miwili.

Inafaa kukumbuka kwanza bwali ni nini. Kwa Walega, kukata govi ni sehemu ndogo tu ya kazi. Mtoto anatoka kwa mama yake, anaenda kuishi na wenzake katika kampi ya msituni mbali na kijiji, chini ya ulinzi wa mtu mzima aliyechaguliwa kwa ajili yake. Pale anafundishwa kwa methali, nyimbo, michezo na vitu vya mkono: namna ya kutega, namna ya kutambua mti wa dawa na mti wa sumu, namna ya kuvumilia maumivu bila kulalamika, namna ya kugawa chakula, namna ya kunyamaza mbele ya mkubwa na kusema mbele ya wenzake. Waliotahiriwa pamoja wanabaki ndugu hadi kifo. Na asiyepita bwali hakuweza kuingia Bwami, ile ngazi ndefu ya heshima na hekima ambayo kwayo Walega walijiongoza bila mfalme mmoja wa juu.

Jamaa nayo inapita pamoja na mtoto. Mama anapika kila siku chakula cha mtoto asiyemwona. Baba anatafuta kuku, mbuzi, chumvi na makuta ya sherehe. Wajomba wanaitwa. Siku ya kutoka, mama anampokea kijana ambaye hawezi tena kumtuma kama mtoto mdogo, na yeye mwenyewe kijijini anahesabiwa tofauti. Ndiyo maana wazee husema kwamba bwali inakomaza nyumba nzima.

Walega si peke yao. Katika msitu wa Ituri, Wabira walikuwa na nkumbi, na Wambuti waliwatuma watoto wao kupita humo pamoja na watoto wa wanakijiji. Mtoto wa Kimbuti na mtoto wa Kibira waliotahiriwa siku moja walifungwa undugu ambao uliweza kuzuia ugomvi kati ya kijiji na kampi ya wawindaji kwa maisha yote. Kwa wasichana, Wambuti walikuwa na elima. Damu ya kwanza ya msichana haikufichwa kama aibu. Ilitangazwa kwa furaha. Msichana na marafiki zake waliingia nyumba moja, mama mzee mwenye kuheshimiwa akawafundisha nyimbo na mambo ya wanawake, na kampi nzima ikashangilia. Leo, katika miji mingi ya mashariki ya Congo, msichana wa umri huo anajifunza jambo hilo kwa hofu, katika choo cha shule, au kwa simu ya rafiki.

Mila hizi hazikuchakaa zenyewe. Kunako mwaka 1948, serikali ya Wabelgiji ilipiga Bwami marufuku, kwa kuiona kuwa hatari kwa utawala wake. Vinyago na sanamu za pembe za ndovu ambazo zilikuwa vitabu vya kufundishia vikaishia katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, kama lile la Tervuren, Ubelgiji. Watu wanalipa tikiti kuviangalia, lakini hakuna anayevisomesha mtoto kitu. Baadaye vikaja vita.

Na hapa ndipo swala linapogeuka kuwa la maisha na kifo. Waswahili husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mashariki ya Congo, ulimwengu huo una majina mawili: chimbo na bunduki. Kijana wa miaka kumi na mitatu anayetaka kuonekana mwanaume anaenda kuchimba dhahabu kule Kamituga, au anaingia msituni kwa wenye kumiliki silaha. Na watu hao wanajua vizuri mtoto anatafuta nini. Mai-Mai, tangu jina lao lenyewe linalotoka kwa maji ya dawa, wanampa aliyeingia ibada kamili: anapewa dawa, anapewa miiko ya kushika, anapewa jina jipya na ndugu wapya. Raia Mutomboki, waliozaliwa Shabunda, katikati ya nchi ya bwali, nao walijengwa juu ya dawa na miiko. Ni jando lililopinduliwa. Mtoto anatolewa kwa mama yake, anapelekwa msituni, anavumilia maumivu, anapata undugu. Lakini hakuna siku ya kutoka, na hakuna mama anayengoja kwenye njia na unga mweupe na nyimbo.

Hakuna anayeweza kudai kwamba bwali peke yake ingemaliza vita. Wazee waliopita bwali wana watoto na wajukuu katika vikundi vya silaha. Njaa, ukosefu wa kazi, kisasi na siasa ya viongozi vina nguvu kubwa. Lakini pale ambapo jamii haimwambii tena kijana ni siku gani amekuwa mtu mzima, mwingine atamwambia. Kwa hiyo wale wanaosema mila hii iachwe kabisa wanapaswa kuonyesha nini kitawekwa mahali pake. Komunyo na ubatizo vina maana kubwa kwa waumini, cheti cha kumaliza masomo ya msingi pia. Hata hivyo hakuna kati ya hivyo kinachomtoa kijana na wenzake kwa siku nyingi, mbele ya msitu, chini ya macho ya wakubwa wanaomjua kwa jina.

Upande wa pili, wazee wanaosema bwali isiguswe wanapaswa kukubali mambo manne yaliyo wazi.

La kwanza ni kisu. Wembe mmoja ukipita kwa watoto wengi unaweza kubeba virusi vya ukimwi na homa ya ini. Kidonda kisichosafishwa kinaweza kuleta pepopunda, na damu isiyozuiliwa inaua kwa saa chache, mbali na hospitali. Hakuna mzee anayetaka kurudisha mtoto wa watu akiwa maiti. Muuguzi aliyetahiriwa, mwenye lugha na heshima ya mila, anaweza kuingia kampi na vifaa safi, au mtoto anaweza kutahiriwa kituo cha afya na kwenda msituni kwa mafundisho. Maumivu yatapungua, ndiyo. Lakini uvumilivu unaweza kufundishwa kwa mwendo mrefu, kwa njaa ya siku moja, kwa usiku wa kukesha bila moto. Hakuna methali ya Kilega inayohitaji pepopunda ili ieleweke.

La pili ni shule. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali. Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto na haki zake. Bwali inayoanza mwezi wa Machi na kuwatoa watoto kalasini hadi mtihani upite inawanyang'anya mwaka mzima, na mwaka huo kwa mtoto maskini mara nyingi ndio wa mwisho shuleni. Likizo kubwa ya Julai na Agosti inaacha karibu miezi miwili mizima. Wazee wakikaa na maprefe na wakurugenzi wa shule mapema, kalenda mbili zinaweza kulala pamoja bila kugombana.

La tatu ni wanawake na wasiokubali. Siri ya Kimbilikiti ni ya wenyewe, na hakuna haja ya kuifunua magazetini. Lakini kumfungia mama mjamzito nyumbani wakati uchungu wa kuzaa umemfikia, kumzuia mwanamke kwenda shambani au sokoni kwa siku nyingi, au kumshika kwa nguvu kijana ambaye wazazi wake hawakutaka, hayo yanagongana na sheria. Kifungu cha 30 cha Katiba kinampa kila mtu aliye nchini haki ya kutembea. Kifungu cha 22 kinalinda dhamiri na dini ya kila mtu. Kifungu cha 207 kinatambua uongozi wa kimila, na kinasema unafanya kazi kufuatana na desturi ya mahali, mradi desturi hiyo isipingane na Katiba, sheria, utulivu wa watu na maadili mema. Wazee wanaopenda kutaja nusu ya kwanza ya kifungu hicho wanapaswa kusoma na ya pili. Njia ipo: saa za kupita Kimbilikiti zitangazwe mbele, njia za msituni zichaguliwe mbali na barabara, maternite na soko, na faini kwa asiyeshiriki ziondolewe. Heshima inayodaiwa kwa fimbo haidumu.

La nne ni wasichana. Katika Bwami yenyewe, mwanaume hawezi kufika vyeo vya juu bila mke aliyeingizwa pamoja naye. Kwa hiyo si mila iliyosema mwanamke hana njia yake ya kupita. Elima ya Wambuti inaonyesha kwamba msichana anaweza kusherehekewa bila kukatwa na bila kuozwa mapema. Na hapa pasiwe na mchezo: ukeketaji wa wasichana unaadhibiwa na sheria ya mwaka 2006 juu ya ubakaji na ukatili wa kijinsia, na ndoa ya mtoto haikubaliki. Kinachohitajika ni majuma machache ya wasichana pamoja na mama zao na bibi zao, kando ya mto au msituni, wakifundishwa miili yao, haki zao, mashamba yao na nyimbo zao.

Kuna jambo la tano, na hilo halimo mikononi mwa wazee peke yao. Bwali bila msitu ni mchezo wa kuigiza. Watwa wa Kahuzi-Biega wanajua hilo kuliko wote. Hifadhi hiyo iliundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, nao wakatolewa katika msitu wa babu zao, bila ardhi nyingine ya kweli. Mtoto wa Kitwa aliyezaliwa kando ya barabara hawezi kuonyeshwa mti ambapo babu yake alipewa jina. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitamka kwamba haki zao zilivunjwa, na sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za watu asilia Mbilikimo. Karatasi hizo zitakuwa na uzito siku mtoto atakapoingia msituni na babu yake bila kukamatwa.

Kwa jamii nyingine, chombo kipo tayari. Amri nambari 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya mahali kupewa msitu wake yenyewe, hadi hektari 50.000, bila kikomo cha muda. Vijiji vinavyochora ramani ya msitu huo vinaweza kuweka wazi mahali pa bwali, chemchemi na makaburi kama sehemu zisizokatwa mti wala kuchimbwa dhahabu. Hapo mila inakuwa mlinzi wa msitu, na msitu unakuwa mlinzi wa mila.

Tangu vita ya M23 ifike Goma mwezi wa Januari 2025 na Bukavu mwezi wa Februari mwaka huo, jamaa nyingi zimetawanyika. Katika misitu mingi hakuna usalama wa kupeleka hata mbuzi, sembuse watoto. Ni kweli pia kwamba kampi ya watoto inaweza kuvamiwa na watu wanaotafuta wapiganaji wapya. Pale ambapo hatari hiyo ipo, bwali ingoje. Lakini kungoja kusiwe kusahau. Wazee wanaokufa leo katika nyumba za kupanga mjini wanaondoka na mafundisho ambayo hakuna aliyeandika wala kurithi.

Kazi ya sasa inaweza kuanza bila wafadhili na bila semina ya hoteli. Mwami, mkuu wa kituo cha afya, mkurugenzi wa shule, mama mmoja anayeheshimiwa na mchungaji wakae kwenye baraza moja mbele ya likizo kubwa, waamue tarehe, kisu, njia, na nani atalinda watoto usiku. Wasipokaa wao, wapo wengine msituni ambao tayari wamekaa, na hawaulizi mtoto ana umri gani.