Utoto wa Masisi Una Wenyewe

Usiku tuliofika Sake, mashariki mwa Kongo, mwishoni mwa Februari 2023, tukikimbia vita, mapigano yakiwa yamefika Mushaki nyuma yetu, mwanangu wa miaka sita aling'oka jino la mbele. Lilikuwa likitikisika tangu nyumbani. Tulikuwa tumejibanza chini ya shitingi moja na familia nyingine mbili, mvua inanyesha, na yeye akaanza kulia. Mama yake alidhani ni njaa. Kumbe alikuwa analilia paa. Kwetu jino la utoto hurushwa juu ya paa la nyumba, ukimwomba panya akuletee jipya lenye nguvu, na paa letu tulikuwa tumeliacha mlimani.

Koko, mama yangu mzazi, aliamka akasema shitingi nayo ni paa, maadam inazuia mvua. Mtoto akatoka na jino lake, akalirusha. Likateleza juu ya plastiki yenye maji, likarudi miguuni pake. Akarusha tena, likarudi. Mara ya tatu tulikuwa tunacheka sote, na wale tusiowajua majina wakicheka pamoja nasi gizani, kila mmoja anatoa shauri lake: rusha juu zaidi, simama huku, lifunge na majani. Mara ya tano likanasa penye fundo la kamba.

Siku chache baadaye akaja kijana mwenye daftari. Mtu mpole. Akaandika majina, umri, idadi ya masufuria. Alipomaliza alimtazama mwanangu mwenye pengo, akatikisa kichwa, akaniambia: "Mwalimu, watoto hawa hawana utoto."

Sikumjibu siku ile. Namjibu leo, na jibu langu si lake peke yake, maana maneno hayo yanasemwa kila mahali. Yanasemwa redioni na kwenye mahubiri. Yako katika ripoti zinazosomwa Kinshasa na Ulaya, chini ya picha ya mtoto mwenye kamasi. Hata sisi wa milimani Masisi tumeanza kuyasema juu ya watoto wetu wenyewe, kama mtu anayeitwa mgonjwa kila siku hadi akajilaza. Na kwa kuwa yanasemwa kwa huruma, hakuna anayeyahoji. Mimi nayahoji. Ni uongo, na ni uongo unaowaumiza wale wale unaojidai kuwahurumia.

Ya kwetu nayajua. Nimewaona wavulana wa umri wa darasa la nne wakishuka kutoka kwenye mashimo ya koltani ya Rubaya na mifuko ya mchanga mgongoni. Nimewaona wengine wakipewa bunduki ndefu kuliko mikono yao. Ya wasichana sitayaandika hapa. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za deplase, wakimbizi wa ndani, magharibi mwa Goma, Lac Vert na Mugunga, watoto wakiwa miongoni mwa waliouawa, na sisi wakati huo tulikuwa tumehamia kambi ya Bulengo, tukisikia mlio. Hakuna haja ya mtu kunifundisha vita.

Lakini aliyeibiwa na asiyekuwa na kitu ni watu wawili tofauti. Aliyeibiwa ana mwizi wake, ana orodha ya mali yake, ana haki ya kudai. Asiyekuwa na kitu anahurumiwa tu, na huruma haimpeleki mtu yeyote mahakamani. Ukisema mtoto wa Masisi hana utoto, umemfutia mwizi kesi. Umesema nyumba ilikuwa tupu hata kabla mlango haujavunjwa.

Haikuwa tupu. Nikuambie kilichokuwamo.

Mlikuwamo chukudu ndogo, skuta ya mbao, niliyomchongea mtoto kwa mti wa karatusi, magurudumu nikayavisha mpira wa tairi kuukuu, na nyuma nikapigilia kipande cha kandambili kiwe breki. Goma wamejenga sanamu ya chukudu ya rangi ya dhahabu katikati ya barabara, na wageni hupiga picha pale wakistaajabia jasho la wale vijana wanaoteremsha viazi na makaa. Wachache wanajua kwamba kijana yule alianza kujifunza akiwa na miaka mitano, juu ya kichukudu kisichobeba kitu ila yeye na mdogo wake, kwenye mteremko wa malisho, asubuhi ambayo ukungu haujaondoka na nyasi bado zina umande. Anayeanguka huangukia kinyesi cha ng'ombe. Hilo ndilo lililokuwa lengo la nusu ya mashindano.

Mlikuwamo pia siku za jibini. Masisi tuna ng'ombe, na tuna jibini, ile ya mviringo, ya manjano, inayopandishwa ndege hadi Kinshasa na kuliwa na watu ambao mlima wetu hawajauona. Kwenye karakana ndogo iliyokuwa chini ya shule yangu, watoto walijua saa ambayo vipande vya pembeni hukatwa. Walikuwa wanapita pale kwa bahati, kila siku, saa ile ile. Mzee mwenye karakana alikuwa akiwafukuza kwa sauti kubwa huku mkono wake ukiwagawia.

Na tarehe 2 Julai, siku ya kutangaza matokeo ya mwaka wa shule! Mzazi wa Kongo hahitaji kuelezwa. Uwanja unajaa tangu asubuhi, akina mama wana vitenge vipya, watoto wamesimama kwa mistari huku miguu inawatetemeka, na jina likiitwa tu, unga mweupe unamwagwa kichwani na bibi mmoja anapiga kigelegele hadi sauti inamkauka. Nimesimama mbele ya uwanja kama huo miaka mingi. Nimetangaza majina tukisikia risasi upande wa pili wa bonde. Hakuna mzazi aliyeondoka kabla ya jina la mwanawe kuitwa.

Haya yote, anayesema "hawana utoto" ameyafuta kwa pumzi moja. Amemfuta pia mzazi, na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kwa maana furaha ya mtoto katika nchi kama yetu haioti yenyewe kama magugu. Mtu anaifanyia kazi. Mama aliyetembea kutwa na gunia kichwani, akifika anawapikia bugali na sombe, halafu bado anakaa na kuuliza kitendawili, huyo ana kazi ya pili, tena nzito. Koko aliyeamua usiku wa mvua kwamba plastiki ni paa alifanya kazi. Kijana wa daftari aliandika idadi ya masufuria yetu. Kazi ya Koko haikuwa na nafasi katika ukurasa wake.

Wapo wanaonijibu: Mwalimu, furaha itakuja, tungoje kwanza amani. Tungoje hadi lini? Vita hivi vya kwetu vilianzia sokoni, Ntoto, huko Walikale, Machi 1993. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule amevuka miaka thelathini, na huenda yeye mwenyewe ana watoto wanne. Kama wazazi wake wangeahirisha kumchezesha hadi amani ije, tungekuwa leo na watu wazima ambao hawakuwahi kurushwa juu na kudakwa. Utoto una miaka yake, na haingojei mkataba utiwe sahihi mjini Nairobi, Luanda au Doha.

Nimetaja Walikale, na sitaivuka haraka, maana huko ndiko kwa wakwe zangu. Mke wangu ni Mnyanga. Vakansi ya mwaka 2021 tuliteremka na watoto kutoka kwenye baridi ya malisho hadi kwenye joto la msitu, na lori letu likakwama matopeni siku mbili. Watu wazima tulikuwa tunahesabu pesa na hatari. Watoto walikuwa wanahesabu vyura. Walijifunza kutoka kwa wasaidizi wa dereva namna ya kukata matawi na kuyatandika chini ya tairi, wakachoma ndizi kwenye moto wa abiria, wakalala juu ya magunia wakiuliza sauti za usiku moja moja: ile ni nini, na ile? Hadi leo binti yangu mkubwa, akiulizwa safari aliyoipenda kuliko zote, anaitaja hiyo. Tulipofika, mvua iliyofuata iliwatoa kumbikumbi, na watoto wa Masisi wakafundishwa na binamu zao kuwadaka kwenye mwanga wa taa, kuwang'oa mabawa na kuwala papo hapo.

Wadogo wa mke wangu walikulia karibu na Kilambo, mahali ambapo kwa miaka mingi ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami kuchukua kasiterite ya mgodi wa Bisie. Mawe yetu yalipanda ndege yakaenda zake, na historia ya nani alinufaika nayo inajulikana. Lakini wavulana wale waliweza kutofautisha ndege kwa mlio kabla haijatokea juu ya miti, nao walitengeneza za kwao kwa vijiti vya makuti ya michikichi, zenye mabawa mawili na rubani wa udongo. Mgeni akiwaona atasema, maskini, wanachezea wizi wa nchi yao. Mimi nasema kati ya wote waliosimama kando ya lami ile, wao peke yao walipata kitu bila kumnyang'anya mtu.

Na ni huko Walikale ambako bibi wa mke wangu aliwasimulia watoto habari za Mwindo. Msomi Daniel Biebuyck aliiandika karisi hiyo, yaani utendi huo, mwaka 1956 kutoka kinywani mwa msimulizi wa Kinyanga, Shekarisi Rureke, na mwaka 1969 ikatoka kitabu, yeye pamoja na Kahombo Mateene. Sasa inasomwa vyuoni ng'ambo. Ni habari za nani? Za mtoto. Baba yake, mtemi Shemwindo wa Tubondo, aliamuru wakeze wazae wasichana tu. Alipozaliwa mvulana alitaka kumwua kwa mkuki, akamzika, mtoto akatoka kaburini, baba akamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Na mtoto yule, ndani ya ngoma, juu ya maji, aliimba. Kisha akajiendea kwa shangazi yake Iyangura, mtundu, mwenye majivuno, mwenye maneno mengi kuliko wazee. Kazi kubwa kuliko zote za usimulizi zilizotoka Walikale inamhusu mtoto ambaye wakubwa wenye silaha walitaka kumwua, naye hakuacha kuwa mtoto. Wanyanga walilijua jambo hili kabla ya mtu yeyote kuja na daftari.

Kwa nini nalikazania hivi? Kwa sababu anayeamini uongo huu wa "hawana utoto" hupanga mambo kwa kuufuata. Kambi zilipangwa juu ya mawe meusi ya volkano, hema kwa hema, choo kwa choo, bila kuachwa hata kipande cha kurukia nzango, ule mchezo wa wasichana. Wasichana wa Bulengo walikuwa wanapanga mistari yao kwenye njia ya magari ya maji. Mashirika mengine yaliweka hema za watoto, penye rangi na karatasi, nami nayashukuru, ila hata humo mchezo uliitwa tiba, kana kwamba mtoto wetu hachezi ila akitibiwa. Nchi yetu, ikiitwa Zaire, iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990. Kifungu cha 31 kinampa mtoto mapumziko na mchezo kwa kuwa ni mtoto, basi. Hakitaji ugonjwa. Bado wenye bunduki wanalala madarasani mwetu na kuegesha magari yao viwanjani, na katika orodha za uharibifu ninazoziona kuna ng'ombe, mabati na magunia ya maharagi. Uwanja haumo.

Na kuna jambo la kutisha zaidi. Februari 2025, baada ya waasi wa M23 kuiteka Goma, kambi nyingi zilivunjwa na watu wakarudi milimani, penye mabomu yasiyolipuka. Anayeamini kwamba watoto hawa hawachezi atasafisha barabara, atasafisha soko, atasafisha njia ya shambani. Atauacha mteremko wa chukudu. Atauacha mto wanakoogelea na kichaka wanakojificha wakihesabiana. Mtoto atatangulia kufika huko kabla ya mtu yeyote, kwa kuwa anacheza, na alikuwa akicheza siku zote. Ninadai mteremko ule usafishwe kwanza. Ninadai uwanja wa shule uandikwe kwenye orodha ya mali iliyoporwa, na aliyeupora atajwe.

Sisi tulirudi Machi. Kuta zilikuwa zimesimama, mlango haupo, mabati yameng'olewa yote, hata misumari. Tumelala chini ya shitingi ile ile ya Sake, imefungwa juu ya kuta zetu wenyewe. Binti yangu mdogo, naye sasa ana miaka sita, aling'oka jino wiki ya pili. Kaka yake akamwelekeza namna ya kulirusha kwenye kamba. Akakataa. Akasema yeye atalirusha juu ya paa la kweli. Jino limo ndani ya kiberiti, juu ya kizingiti cha mlango, na kila asubuhi kabla ya kwenda masomo ananiuliza mabati yanakuja lini.